Sura ya Mwisho Ilikuwa Ndani ya Blanketi

Kwanza niseme wazi, msije mkasikia kwa watu: blanketi nililifua mimi, Fauzia, fundi cherehani, kwa miguu yangu miwili. Sikutumwa na mtu. Anayetaka kunicheka anicheke sasa tumalizane, maana habari yenyewe si yangu, ni ya Capitoline.

Capitoline Ndayikeza nakaa naye hapa Berea, ghorofa ya sita, chumba kimoja kikubwa tulichokigawa kwa pazia. Upande wangu kuna cherehani na vitambaa. Upande wake kuna kitanda, meza ndogo, kiti na dirisha. Ni Mrundi wa Gitega, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mrefu, mbishi, asiyejua kuomba msamaha kwa jambo ambalo hakulikosea. Alikuja Johannesburg miaka kumi na mmoja iliyopita na cheti cha ualimu ambacho hapa hakuna aliyetaka hata kukishika. Akaanza kuandika.

Usidhani ni kuandika kwa kwenda ofisini. Anaandika vya watu. Kampuni ya Sandton ikitaka maelezo ya jokofu kwa Kifaransa, anaandika. Mtu akifiwa, akitaka wasifu wa marehemu wa kusomwa kanisani, anakuja, anakaa kwenye kitanda chake, analia, na yeye anaandika. Hana mwajiri, hana saa ya kuingia wala saa ya kutoka. Asipoandika leo hakuna wa kumuuliza, na watu wanadhani hiyo ni raha. Jaribu wewe kujiamrisha kila siku iendayo kwa Mungu, halafu uje tuzungumze. Na katika yote aliyoandika miaka kumi na mmoja, jina lake halikuwahi kutokea hata mahali pamoja.

Mwaka juzi tulialikwa harusi Yeoville. Mjomba wa bibi harusi alisoma hotuba, wanawake wakatoa leso, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alipomaliza akajipangusa uso akasema, "Maneno haya nimeyatoa moyoni mwangu." Moyoni mwake! Aliyatoa kwenye bahasha aliyopewa na Capitoline siku ya Alhamisi. Capitoline mwenyewe alikuwa karibu na mlango, sahani ya wali magotini. Nikamfinya asimame aseme. Akaendelea kula. Njiani, tulipofika kwenye robot, tukingoja taa ya kijani, akasema, "Dada Fauzia, kabla sijafa, kitu kimoja kitakuwa na jina langu."

Kitu hicho kilikuwa kitabu. Riwaya fupi ya mwanamke mwenye spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot, anayeuza mkate, mishumaa na muda wa maongezi nyuma ya nondo. Wachapishaji wa Dar es Salaam walisoma sura sita wakazipenda. Wakamwandikia kwamba wanaisubiri ya saba, ya mwisho, kabla ya saa sita mchana Ijumaa tarehe ishirini na sita Septemba. Baada ya hapo orodha ya vitabu vya mwaka inafungwa, na habari za mwaka unaofuata hawawezi kuahidi. Aliisoma barua hiyo mara nne, ya nne kwa sauti.

Sasa nikueleze alivyokuwa akifanya kazi, maana mambo yote yaliharibikia hapo.

Baridi ya Juni katika mji huu inaingia mpaka kwenye meno. Hita hatuna, na tungekuwa nayo ingemaliza umeme wetu kwa siku mbili. Kwa hiyo Capitoline alikuwa akijizungushia blanketi lake zito, lile nene lenye picha ya simba, kuanzia utosini hadi nyayoni, akaacha mkono mmoja nje. Mkono huo uliandika. Kompyuta, alisema, ni ya kazi za watu. Cha kwake atakiandika kwa kalamu kwanza, na hatakipiga chapa mpaka sura iishe. Lakini karatasi mezani hazikukaa salama. Watoto wa Mamie, msusi wa Lubumbashi anayekaa mlango wa mbele yetu, walizichora magari. Na siku moja mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliukata ukurasa mmoja nikapimia kola ya shati. Basi akaniomba nimshonee mfuko upande wa ndani wa blanketi. Nikamshonea, kitambaa cha pamba, kifungo kimoja, mshono mara mbili. Jioni karatasi zinaingia mfukoni, asubuhi anajifunika, anazitoa, anaendelea. Majira yote ya baridi alikwenda hivyo, ukurasa kwa ukurasa, sura kwa sura.

Kisha machipuko yakafika. Upepo wa vumbi wa Agosti ulikoma, na asubuhi moja tukaamka tumetupa shuka. Mpichi ulioko nyuma ya kanisa, ule tuliodhani umekufa, ukawa mwekundu wote kwa maua. Watu wakatoa magazeti waliyoziba nayo madirisha. Muziki ukatoka kila ghorofa. Mamie akahamishia viti vyake vya kusukia barabarani, na wateja wakawa wanasukwa huku wanaota jua na kusengenya.

Na Capitoline akakwama.

"Wakati wa baridi nje hakukuwa na kitu cha kunikosesha," aliniambia. "Sasa kila nikishika kalamu nasikia watu wanaishi."

Lakini hakukubali. Aligeuza meza ikatazama ukuta. Akachukua kanga yangu akaitundika dirishani. Akanipa viatu vyake nivifiche chini ya vitambaa, na akaniapisha nisimpe mpaka aandike mistari kumi. Na kubwa kuliko yote, aliendelea kujifunika lile blanketi kwenye joto la digrii ishirini na nane, kwa sababu, alisema, mwili wake umeshazoea: blanketi likiwa begani, ni kazini. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Mamie akipita kukopa chumvi alikuwa akisimama mlangoni kumtazama. Kwao yaya ni dada mkubwa, na kuikala ni kukaa.

"Yaya Capi, toka inje! Jua iko inawaka na weye unajifunika sawa mugonjwa."

"Niko kazini, Mamie."

"Kazi gani? Unaikala tu." Halafu anawageukia wateja wake kwenye ngazi: "Ule yaya haana kazi, iko anaandika tu."

Wanacheka. Capitoline anauma kalamu. Siku nyingine alipata mistari miwili, siku nyingine ishirini, siku nyingine alifuta ya jana. Lakini alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni, na kufikia Jumanne tarehe ishirini na tatu sura ya saba ilikuwa na kurasa kumi na nne mfukoni. Zilibaki mbili.

Jumatano ilikuwa sikukuu ya urithi, ile ambayo nchi nzima inachoma nyama. Asubuhi Capitoline alikaa saa mbili na nusu mbele ya ukuta asiandike hata neno. Kisha akainuka, akalivua blanketi, akaliweka kwenye kiti.

"Nipe viatu."

"Mistari kumi iko wapi?"

"Dada, nipe viatu vyangu. Natembea saa moja tu. Kichwa kimekauka."

Nikampa. Alipofungua mlango niliona jinsi alivyokuwa akilikimbilia lile jua, na nikasema moyoni, hapa leo ndiyo basi tena.

Hakumaliza robo saa tangu aondoke, kelele zikaanza kwenye ngazi: "Maji! Maji yamerudi!" Tulikuwa na siku tatu mabomba makavu. Asiyekaa kwenye majengo haya hajui tunavyokuwa maji yakirudi, tena siku ya sikukuu, tena jua la kukausha kitu kizito. Siku kama hiyo hufuliwa mablanketi, na hakuna mwanamke anayebaki ndani. Nikabeba yangu mawili. Nikaliona la Capitoline kitini, linanuka jasho la wiki tatu. Nikasema, maskini, nimfulie na yeye, akirudi akute tumemsaidia. Wema wangu ndio ulioniponza.

Juu ya paa kuna nyaya za kuanikia na kuna bafu kuukuu la chuma ambalo watu walilitoa kwenye chumba cha mtu zamani. Humo ndimo tunamokanyagia mablanketi. Mimi na Mamie tulikunja sketi, tukaingia, tukashikana mabega, tukakanyaga. Harufu ya nyama ilikuwa inapanda kutoka uani. Mamie alikuwa anaimba. Mimi nikahisi chini ya wayo wangu wa kulia kitu laini, kinateleza, kama uji uliopoa. Nikadhani ni sabuni ya unga haijayeyuka, nikaikanyaga zaidi. Kisha nikatazama chini nikaona povu lina rangi ya bluu.

Mfuko niliushona mwenyewe. Kifungo nilikichagua mwenyewe. Nikaganda pale majini kama niliyeshikwa na umeme, na Mamie akaniuliza kama nimekatwa na kitu.

Wakati huohuo tukamsikia Capitoline kwenye ngazi, anapanda mbio, anaita jina langu. Akatokea paani viatu mkononi, uso umewaka jua, anacheka kama msichana.

"Nimepata! Dada Fauzia, nimepata mwisho! Zile kurasa mbili zimekuja zenyewe nikiwa..."

Akaliona blanketi.

Alikuja polepole, akapiga magoti, akatia mikono majini akafungua kile kifungo. Alichotoa kilikuwa donge la kijivu. Alilishika kwa viganja viwili, maji yakimdondoka hadi magotini, na akajaribu kulifunua kwa kucha, na likakatika. Nilitaka paa lipasuke nianguke niondoke duniani.

Mamie ndiye aliyeanza kusema. "Pole, yaya. Unajua maji ikimwangika haizoleki. Andikia bale bantu, uombe siku ingine. Ni makaratasi tu."

Capitoline akainua kichwa.

"Makaratasi tu?" Alisema taratibu kwanza, kisha sauti ikapanda mpaka waliokuwa upande wa pili wa paa wakaacha kufua. "Wewe watoto wako nimewaandikia barua za shule. Mumeo nimemwandikia maombi ya kazi mara sita. Baba yako alipofariki ni nani aliyeandika alivyoishi? Kila mtu katika jengo hili ana kitu kilichotoka kwenye mkono huu, na wote mnasema naikala tu! Sitaomba siku. Hata moja! Miaka kumi na mmoja nimewahisha vya watu, sasa nichelewe kwenye cha kwangu?"

Kisha akanigeukia. Nikajua sasa ni mimi.

"Na wewe. Ulishona mwenyewe, ukasahau mwenyewe."

"Ndiyo," nikasema.

Alilitazama lile donge, akaliweka ukingoni mwa bafu kama mtu anayeweka yai. Akakunja sketi yake, akaingia majini katikati yetu, akaanza kukanyaga. Alikanyaga kwa hasira, maji yakaturukia vifuani.

"Capi, acha, nitamalizia mimi," nilimwambia.

"Blanketi lina kosa gani?"

Tukalikamua watu watatu, tukalitundika kwenye waya. Lilikuwa kubwa, likafunika waya mzima, simba akawa anatazama mtaa wa Hillbrow. Upande wa nyuma kukawa na kivuli kidogo na maji yanadondoka. Capitoline akavuta kreti la soda, akakaa pale.

"Nipe daftari," akasema.

Daftari nililokuwa nalo kwenye mfuko wa aproni ni lile la vipimo vya wateja. Nikamwambia, "Hili lina viuno na mabega ya watu."

"Nitaanzia nyuma."

"Basi teremka chini, kuna utulivu. Hapa kuna muziki, kuna nyama, kuna watu."

"Chini nimejifungia wiki tatu na kanga dirishani kama ninayedaiwa na jua," alisema. "Limenipata hivyohivyo. Mwisho wa kitabu changu nimeuokota barabarani leo, si kule ukutani. Mimi siendi kokote. Kelele zikae na mimi nikae."

Na akaanza. Alikuwa ananong'ona huku anaandika, akiikumbuka ile sura sentensi kwa sentensi, na pale alipokosa alijipiga paji la uso na kutunga upya. Upepo ukilisukuma blanketi, linamlamba usoni, analisukuma kwa kiwiko bila kuinua macho. Hakumwomba mtu apunguze muziki. Mamie alisimama mbali mikono kiunoni, kimya, jambo ambalo sijaliona tena. Mwishoni akashuka, akarudi na sahani ya nyama na ugali, akaiweka kando ya kreti, akabaki pale anasikiliza ule mnong'ono.

"Na ule mwanamke," aliuliza, "anafunga spaza yake?"

"Wamemwambia afunge aondoke," Capitoline akajibu bila kumtazama. "Kwenye karatasi mlizozifua alikuwa tayari anapanga vitu kwenye mabegi. Leo nimepita kwenye duka moja pale chini, mwenyewe yuko mlangoni kwenye jua, anapaka rangi nondo zake. Nyekundu. Anapiga mluzi. Sasa niache."

Jumatano alipata kurasa tisa. Alhamisi asubuhi alirudi palepale na kreti lake, ingawa blanketi lilikuwa limekauka na waya ni mtupu. Simu ikalia: Sandton, wanataka maelezo ya mashine ya kufulia, leoleo. Ya kufulia! Nilidhani atairusha simu kutoka pale paani. Akasema kwa adabu zote, "Leo siandiki cha mtu," akakata. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Ijumaa saa mbili asubuhi alikaa kwenye kompyuta na mimi nikamsomea. Kanga ilikuwa imeshashushwa dirishani, nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Mwandiko wake ulikuwa umepita juu ya vipimo, chini ya vipimo, katikati ya vipimo, na mahali fulani nikasoma bila kufikiri, "Akafungua kufuli, mkono mrefu, kiuno thelathini na nane," naye akapiga chapa yote. Tulicheka mpaka akalaza kichwa mezani, na sikujua kicheko kiliishia wapi na kilio kilianzia wapi. Saa tano na dakika ishirini akatuma. Kisha akalala sakafuni, kwenye mraba wa jua, bila blanketi.

Jumanne jibu likaja. Wameichukua. Wanauliza, jina gani liandikwe juu ya jalada? Aliandika majina yake mawili, akayatazama kwa muda mrefu, akabonyeza.

Mngedhani ameridhika. Mimi pia nilidhani.

Oktoba Pitchou, mdogo wake Mamie, alikuwa anaoa. Mamie akaja na soda mbili na maneno matamu: bwana harusi anataka hotuba ya kumwambia mkewe mbele ya wakwe, yaya Capi tafadhali.

"Nitaandika," Capitoline akasema. "Mwishoni atasoma jina langu."

"Mu arusi? Fasi gani banasemaka jina ya mwenye aliandika?"

"Mpishi anatajwa?"

"Anatajwa."

"Mpiga picha? Mwenye spika? Aliyefunga maputo?"

Mamie akaangalia soda zake.

"Basi na mimi nitajwe. Au Pitchou aseme ya kwake."

Ya kwake Pitchou tunayajua sote. Mamie akakubali.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa watu, maputo meupe, na Capitoline, kama kawaida, amekaa karibu na mlango na sahani ya wali magotini. Pitchou alisoma vizuri. Leso zikatoka. Jocelyne, bibi harusi, alikuwa ameshika mikono kifuani. Pitchou akafika mstari wa mwisho, akaona kilichoandikwa. Akamtazama dada yake. Mamie akamtolea macho ya kumuua.

"Hotuba hii," akasoma Pitchou, sauti imepungua, "imeandikwa na Capitoline Ndayikeza, wa Berea, ghorofa ya sita."

Kicheko kikapasuka mbele. Mtu akauliza kwa sauti kama na busu ataandikiwa. Wakwe wakatazamana. Safari hii sikumfinya mtu. Capitoline mwenyewe aliweka sahani yake chini ya kiti, akajipangusa vidole, akasimama. Hakutabasamu, hakuinama, hakupunga mkono. Alisimama tu na urefu wake wote, anawatazama wanaocheka mmojammoja, mpaka wakaanza kunyamaza. Makofi yakaanza kwa Jocelyne, yakaenda kwa Mamie, aliyepiga vigelegele kama vile ni yeye aliyefundisha watu kusoma. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniuma. Watu wachache wakamfanyia ishara kwamba inatosha, sasa akae.

Hakukaa mpaka ukumbi mzima ulipopiga makofi, na hata hapo hakuwa na haraka.